Insha ya Historia Chini ya Saa: Mwongozo Kamili wa Kujibu Swali, Si Kumwaga Maelezo

Wengi wanaopoteza alama kwenye insha ya historia wanaijua historia yenyewe vizuri tu. Waulize nje ya chumba cha mtihani, watakusimulia Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia bila kukwama. Ndani ya chumba hali hugeuka. Wanaona neno wanalolijua kwenye swali, wanamwaga kila walichokariri kuhusu neno hilo, kisha muda unawaishia kabla hawajajibu kilichoulizwa.

Dawa yake ni moja: jibu liamuliwe kabla insha haijaanza kuandikwa. Hatua zinazofuata zinaonyesha namna ya kufanya hivyo. Mfano tunaoutumia ni insha ya dakika 45. Kama yako ni ya dakika 40 au 60, punguza au ongeza kila kipande kwa uwiano huohuo.

## Vitu vya kuandaa

- Saa ya mkononi ya mishale. Ya ukutani inaweza kuwa nyuma yako, na saa zinazounganishwa na simu hukataliwa mlangoni.
- Kalamu mbili au tatu za aina ambayo mkono wako umeizoea. Siku ya mtihani si siku ya kujaribu kalamu mpya.
- Maswali yasiyopungua 10 ya mitihani iliyopita, ya mada tofauti.
- Mwongozo wa usahihishaji wa mtihani wako, ukipatikana. Huo ndio unaokuambia alama zinatolewa kwa nini.
- Vipande vya karatasi ngumu, ukubwa wa kiganja, kwa ajili ya kadi.
- Karatasi zenye mistari. Anayefanya mazoezi kwenye kompyuta huku mtihani ni wa kalamu atashangaa mkono unapoanza kuuma dakika ya 25.
- Penseli mbili za rangi, buluu na nyekundu. Kazi yake utaiona mwishoni.

## Hatua ya 1: Pima kasi ya mkono wako

Chagua mada unayoimudu. Weka saa dakika 10, andika mfululizo kwa mwandiko unaosomeka, kisha hesabu maneno.

Tuseme umepata 180. Katika dakika 45, tenga 8 za kupanga, 33 za kuandika na 4 za kupitia. Dakika 33 kwa kasi hiyo zinakupa maneno kama 590. Yagawe hivi:

- Utangulizi: dakika 4, maneno kama 70.
- Aya nne za kiini: dakika 6 na nusu kila moja, maneno kama 115.
- Hitimisho: dakika 3, maneno kama 55.

Asiyejua kasi yake hupanga aya saba, huandika tatu ndefu, na zile nne anabaki nazo kichwani. Aya nne zilizokamilika zina uzito kuliko saba zilizopangwa.

Umefaulu hatua hii pale unapoweza kusema, bila kukisia, insha yako itajaza kurasa ngapi za mwandiko wako.

## Hatua ya 2: Tengeneza kadi zenye "kwa hiyo"

Kila mada iwe na kadi moja, na kila kadi isizidi vitu 12. Sharti ni hili: kila tukio lifuatwe na mshale, na baada ya mshale uandike linathibitisha nini. Kwa mfano:

- Italia ilifungamana na Ujerumani na Austria-Hungaria 1882; 1914 haikupigana; Mei 1915 iliingia upande wa pili → mkataba haukumlazimisha mtu kupigana.
- 5–6 Julai 1914, Ujerumani yaiahidi Austria-Hungaria kuiunga mkono → vita vilitokana na maamuzi ya watu, si mtambo uliojiendesha.
- 4 Agosti 1914, Ujerumani yaingia Ubelgiji. Uingereza yatangaza vita, ikitaja mkataba wa 1839 uliolinda kutopendelea upande kwa Ubelgiji → mpango wa kijeshi wa Ujerumani ulipanua vita.

Kadi isiyo na mishale ni orodha ya tarehe, na orodha ya tarehe huzaa insha ya kusimulia. Hapa ndipo kosa lenyewe huanzia, wiki kadhaa kabla ya mtihani.

Angalizo: tarehe usiyo na hakika nayo usiibuni. Kama siku imekutoka, andika mwezi. Kama mwezi nao umekutoka, andika mwaka. "Katikati ya 1914" ni kweli, lakini "17 Julai" ya kubahatisha inamfanya msahihishaji aitilie shaka na sentensi inayofuata.

## Hatua ya 3: Chagua swali kwa kuhesabu, si kwa mapenzi

Tuseme mtihani ni wa saa tatu na insha tatu. Dakika 10 za mwanzo ni za kusoma na kuchagua. Kila insha ipewe dakika 55, na tano zitabaki mwishoni kama akiba.

Kwa kila swali linalokuvutia, jipe dakika moja utafute hoja tatu na ushahidi wa aina sita. Usipozifikia, liache hata kama mada unaipenda. Mtego mkubwa ni swali la mada uliyoizoea lililoulizwa kutoka upande usiouzoea. Mtahiniwa hulichagua kwa furaha, kisha huandika insha ya swali la mwaka jana.

Anza na swali unalolijua zaidi, ila muda wake ukiisha, sogea. Dakika 15 za ziada kwenye insha ambayo tayari ni nzuri huongeza kidogo sana. Zilezile kwenye karatasi ambayo ingebaki tupu huleta utangulizi na aya mbili.

## Hatua ya 4: Lipasue swali

Chukua swali hili:

*Kwa kiasi gani mikataba ya kijeshi ilisababisha kuzuka kwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia mwaka 1914?*

Lina sehemu nne, na kila moja ipigiwe mstari wake.

Amri: "kwa kiasi gani". Unatakiwa kupima. Anayetaja mikataba peke yake hajapima, kwa sababu mizani ina sahani mbili.

Mada: mikataba ya kijeshi. Hiki ndicho kitu kinachowekwa mizanini.

Uhusiano: "ilisababisha". Hukuulizwa mikataba ilikuwaje, wala nani alitia saini.

Mipaka: "kuzuka" na "1914". Mahandaki, kuingia kwa Marekani 1917 na Mkataba wa Versailles vyote viko nje. Uviandike vizuri namna gani, havina alama hapa.

Amri nyingine zina mahitaji yake. "Eleza sababu" inataka uonyeshe sababu ilivyofanya kazi, hatua kwa hatua hadi kwenye tokeo. "Jadili" inataka pande zote mbili kisha msimamo. "Linganisha" ndiyo inayowaponza wengi: nusu ya kwanza wanaandika kitu A, nusu ya pili kitu B, na ulinganisho wenyewe haupo popote. Kila aya iwe na A na B ndani yake.

Kipimo cha hatua hii: geuza swali liwe la mtaani. Hapa lingekuwa, "Kama mikataba isingekuwapo, vita vingetokea 1914?" Ukiweza kuliuliza hivyo, umelielewa.

## Hatua ya 5: Amua jibu, kisha panga

Tumia dakika zote 8. Najua inauma kuwaona wenzako wameshajaza ukurasa huku wewe una mistari sita tu. Acha iume. Wengi wao wanaandika ili wafikiri. Wewe unafikiri ili uandike.

Kwanza andika jibu kwa sentensi moja yenye "ingawa" na "kwa sababu" au maneno ya kazi hiyo:

*Ingawa mikataba ilieneza vita kutoka Balkani hadi Ulaya nzima, haikuvianzisha, kwa sababu vilianzishwa na maamuzi ya serikali chache mwezi Julai 1914, hasa Vienna na Berlin.*

Msahihishaji si lazima akubaliane nawe. Wanahistoria wenyewe wamebishana juu ya jambo hili zaidi ya miaka mia. Anachotafuta ni msimamo unaoweza kutetewa, na utetezi wenyewe.

Kisha mpango, kwa ufupi kiasi hiki:

1. Ilieneza: Urusi na Ufaransa 1894, Ujerumani yatangaza vita kwa Urusi 1 Ago, kwa Ufaransa 3 Ago.
2. Haikulazimisha: Italia 1882 / 1914 / 1915.
3. Maamuzi: Sarajevo 28 Juni (mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria auawa), ahadi 5–6 Julai, masharti kwa Serbia 23 Julai, vita 28 Julai.
4. Silaha na ratiba: manowari ya Uingereza Dreadnought 1906, Urusi yakusanya majeshi 30 Julai, Ubelgiji 4 Ago.

Sasa jaribu kubadilisha nafasi ya aya ya 2 na ya 3. Kama insha haisikii chochote, ulichonacho ni orodha tu. Hapa aya ya 2 inabomoa maelezo ya kwanza, na ya 3 inajenga mengine palepale. Ukizigeuza, mantiki inayumba. Ndivyo inavyotakiwa.

## Hatua ya 6: Utangulizi wa sentensi tatu

Utangulizi wa kuepuka unaujua, maana umeuona mara mia:

*Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ni vita vilivyopiganwa kati ya mwaka 1914 na 1918. Vita hivi vilikuwa na sababu nyingi. Katika insha hii nitajadili sababu hizo moja baada ya nyingine.*

Hakuna uongo ndani yake, na hakuna jibu. Ulinganishe na huu:

*Kufikia 1914 mataifa makubwa ya Ulaya yalikuwa yamejipanga katika kambi mbili, na kambi hizo ndizo zilizogeuza ugomvi wa Balkani kuwa vita vya bara zima. Hata hivyo, hakuna mkataba uliomlazimisha yeyote kuanza vita. Kiini chake kilikuwa uamuzi wa Austria-Hungaria wa kuishambulia Serbia, ahadi ya Ujerumani nyuma yake, na mipango ya kijeshi iliyowaachia wanasiasa muda mchache wa kurudi nyuma.*

Msahihishaji akifika hapo anajua msimamo wako na anajua aya nne zinakwenda wapi. Fasili ya neno weka pale tu ambapo maana yake yenyewe inabishaniwa.

## Hatua ya 7: Jenga aya

Hapa ndipo insha inaposhinda au kushindwa, kwa hiyo tutakaa kidogo. Aya nzuri ina dai, ushahidi, ufafanuzi, na kurudi kwenye swali. Itazame hii, yenye maneno yasiyofika mia moja:

*Mikataba hiyo, hata hivyo, haikuwa na nguvu ya kumsukuma mtu vitani bila hiari yake. Italia ilikuwa mshirika wa Ujerumani na Austria-Hungaria tangu 1882, lakini vita vilipozuka 1914 ilitangaza kutopendelea upande wowote, ikidai kwamba mkataba ulikuwa wa kujihami na Austria-Hungaria ndiyo iliyoshambulia. Mei 1915 ikaingia vitani upande wa Uingereza, Ufaransa na Urusi, baada ya kuahidiwa maeneo. Ikiwa mshirika aliweza kukaa pembeni kisha akawageuka wenzake, basi kilichoamua kilikuwa maslahi ya kila serikali, si saini za miaka thelathini nyuma. Kwa hiyo mikataba inaeleza nani angesimama na nani. Haielezi kwa nini vita vilianza.*

Sentensi ya kwanza ni dai, nayo inajibu swali hata ikisomwa peke yake. Ya pili na ya tatu ni ushahidi: miaka mitatu, na hoja ya kisheria ya Italia yenyewe. Ya nne, ile ya "ikiwa… basi", ndiyo inayobeba alama za juu. Iondoe uone: inabaki hadithi fupi ya Italia, sahihi kabisa, isiyothibitisha kitu. Ya tano na ya sita zinamrudisha msomaji kwenye neno "ilisababisha".

Wengi huandika sehemu ya kwanza na ya pili, kisha hurukia aya nyingine. Wanadhani ushahidi unajieleza. Haujielezi.

Tuchukue mada nyingine. Kwenye swali la sababu za Vita vya Majimaji, mtahiniwa anaandika kwamba mwaka 1905 Wamatumbi waling'oa pamba, Kinjikitile, kiongozi wa imani ya maji, akanyongwa, halafu Wangoni wakajiunga. Yote ni kweli, na ni masimulizi matupu. Maneno yaleyale yakigeuzwa kuwa hoja:

*Pamba ya kulazimishwa inaeleza kwa nini vita vilianzia Umatumbi, lakini peke yake haielezi kwa nini Wangoni waliokuwa mbali nao walishika silaha baadaye mwaka huohuo. Hapo lazima tutazame imani ya maji, iliyovuka mipaka ya makabila, pamoja na malalamiko ya kila jamii dhidi ya utawala wa Kijerumani.*

Hakuna ukweli mwingi ulioongezwa. Kilichoongezwa ni "inaeleza hiki, haielezi kile".

Chunga pia maneno ya kuunganishia. "Matokeo yake", "hata hivyo" na "hata bila hilo" yanasukuma hoja mbele. "Vilevile" na "sababu nyingine ni" yanarundika tu. Aya tatu mfululizo zikianza na "sababu nyingine", ujue umerudi kwenye orodha.

Kipimo: soma sentensi za kwanza za aya zako nne, hizo peke yake. Zikisomeka kama jibu fupi la swali, umefaulu.

## Hatua ya 8: Mpe mpinzani nafasi

Sentensi mbili au tatu zinatosha, lakini chagua pingamizi linalouma. Kwa swali letu: bila mkataba wa Urusi na Ufaransa, Ujerumani isingekuwa na sababu ya kuishambulia Ufaransa kwa ugomvi wa Serbia. Ni kweli, likubali. Kisha onyesha kwamba hilo linaeleza ukubwa wa vita, si chanzo chake.

Pingamizi dhaifu ulilojitungia ili ulipige teke msahihishaji analitambua mara moja.

## Hatua ya 9: Hitimisho, na la kufanya muda ukikubana

Hitimisho lipime: sababu ipi ilizidi, na kwa nini. Usirudie utangulizi neno kwa neno, wala usilete tukio jipya. Kama umekumbuka tukio zuri dakika ya 38, lirudishe kwenye aya linakostahili kwa alama ya kuingiza.

Zikibaki dakika 5 na aya mbili hazijaandikwa, usiendelee kwa mwendo uleule. Kila aya ipe sentensi mbili, dai na ushahidi wake mzito kuliko yote, kisha sentensi moja ya hitimisho. Insha iliyofika mwisho kwa kuchechemea inaonyesha hoja nzima. Iliyokatika katikati inaonyesha nusu.

## Hatua ya 10: Dakika 4 za kupitia

Usiandike upya chochote. Tafuta haya tu:

- Miaka iliyopinduka, 1941 badala ya 1914.
- Nchi zilizobadilishana nafasi. Austria na Serbia huponza wengi wakiwa na haraka.
- Kikanushi kilichodondoka. "Ilisababisha" mahali pa "haikusababisha" inaangusha aya nzima.
- Namba ya swali pembeni mwa karatasi.

## Mazoezi ya wiki tatu

Wiki ya kwanza usiandike insha hata moja. Panga tu: maswali 10, dakika 8 kila moja, jibu la sentensi moja na hoja nne. Wanaoruka wiki hii ndio wanaolalamika baadaye kwamba dakika 8 hazitoshi.

Wiki ya pili, ongeza utangulizi na aya moja. Jumla ni dakika kama 19 kwa swali. Chagua aya iliyo ngumu zaidi kwenye mpango wako, usichague ile inayoteleza.

Wiki ya tatu, andika insha kamili tatu au nne, daftari likiwa limefungwa na saa mezani. Ukimaliza, chukua zile penseli. Piga mstari wa buluu chini ya kila ushahidi na mwekundu chini ya kila ufafanuzi. Aya yenye buluu tupu ni masimulizi. Yenye nyekundu tupu ni maneno matupu. Zote mbili ziandike upya kesho yake, dakika 6 na nusu kila moja, bila kuchungulia ile ya kwanza.